Miezi minne ya babu: kitabu changu kilipofanywa tamthilia

Nimeamua kukiandika hiki kisa chote kwa sababu kuna watu wanaoandika habari za familia zao wameniuliza, wewe ulipoletewa mkataba wa TV ulifanyaje, na kila nikitaka kujibu naona jibu la mstari mmoja litawadanganya. Kampuni iliyotengeneza sitaitaja, stesheni pia sitaitaja. Karibu kila walichofanya nilikuwa nimewaruhusu kwa sahihi yangu mwenyewe, na lile lililotuumiza zaidi nyumbani mlango wake niliufungua mimi.

Kitabu ni habari za babu na bibi, wazazi wa baba yangu, waliokaa Majengo hapa Mombasa, chumba kimoja kwenye nyumba ya Kiswahili, zile za ukumbi katikati na vyumba huku na huku, kila chumba na watu wake, na uani kwa wote. Babu alikuwa kibarua bandarini Kilindini. Bibi nilimwandika "mama wa nyumbani", maneno matatu hayo, nitayarudia baadaye. Sura iliyopendwa na wasomaji ni ya mgomo wa 1947. Kwa asiyeujua, tarehe 13 Januari mwaka huo makuli wa bandari, watu wa reli, vibarua wa kila aina mpaka wapishi na maboi wa mahoteli waliacha kazi mji mzima, watu kama elfu 15, manake baada ya vita bei zilikuwa zimepanda na mshahara haukutosha kodi ya chumba na chakula. Kila siku walikuwa wakikutana uwanja ulioitwa Kiwanja cha Maskini. Mgomo ukaenda siku kama 12. Chege Kibachia ndiye aliyekuja kuongoza chama chao, African Workers' Federation, na mwezi wa nane mwaka huohuo wakoloni wakamkamata wakamtupa Kabarnet, mbali kabisa na bahari.

Babu alikuwa Kiwanja cha Maskini. Alisimama nyuma, karibu na njia, ili polisi wakija awahi kukimbia. Alimwambia baba hivyo, baba akanambia mimi, nikaiandika vilevile kwa sababu niliona ni neno la mtu mkweli, mtu mwenye watoto, si kila mtu wa mgomo alipanda juu ya meza akahutubu.

Mgomo ukaisha, watu wakarudi kazini, na babu akapotea nyumbani miezi minne. Halafu akarudi. Kwenye kitabu hapo pana aya moja fupi tu, kwamba alitoka, hakuonekana, kisha siku moja akaingia uani akatawadha akaswali, "na hatukuuliza". Huo mstari ulisifiwa sana, na mimi niliupenda kuliko mistari yote ya kitabu, niliona nimeilinda familia na papo hapo nimeandika vizuri.

Sasa mkataba. Prodyusa alinipigia, tukakutana hoteli moja Nyali, mtu muungwana kwa kweli, kitabu amekisoma mpaka mwisho na karatasi za rangi zimebandikwa kurasa kadhaa. Kwanza wakachukua opsheni, yaani walilipa kidogo ili nisimpe mtu mwingine kitabu kwa muda fulani wakati wao wanatafuta pesa, na pesa zilipopatikana tukasaini ule mkubwa. Mimi niliusoma mwenyewe, na binamu yangu ambaye ni mwanasheria wa mambo ya mashamba akaupitia usiku mmoja. Sote wawili tukakodoa macho kwenye pesa. Kile kipengele kilichosema kampuni inaweza "kubadilisha, kuongeza na kupunguza kulingana na mahitaji ya tamthilia" tulikipita kama mtu anavyopita kibao cha barabarani alichokizoea. Na kingine kilisema mwandishi "atashauriwa" kuhusu skripti. Nilifurahi kuona neno hilo. Sikujua kwamba kushauriwa na kuidhinisha ni vitu viwili tofauti kabisa, yaani wa kwanza anatumiwa skripti anasema maoni yake halafu wao wanaamua, wa pili asiposaini kamera haiwashwi. Mimi nilikuwa yule wa kwanza. Skripti nilitumiwa kwa simu, mafaili kumi na tatu kwa mpigo, wiki ambayo nilikuwa namuuguza mama hospitali. Nikasoma mbili za kwanza nikajibu "nzuri sana, hongereni."

Tamthilia ilipoanza kurushwa tuliiangalia kwa shangazi, mtaa wa Tudor, kila Jumapili sebule inajaa, watoto chini kwenye mkeka, mahamri na chai ya maziwa inazunguka. Shangazi huyu ndiye mtoto mkubwa wa bibi, wakati wa mgomo alikuwa na miaka minane na baba yangu alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Epi tatu za kwanza tulikuwa tunacheka na kupigana vikumbo, na mimi nalalamika vitu vya macho. Nyumba ya Majengo wameihamishia Mji wa Kale, mlango wa nakshi, roshani ya mbao, kana kwamba kila Mswahili alizaliwa nyuma ya mlango wa nakshi, na hali kuta za Majengo zilikuwa za udongo na chokaa na mwenye nyumba hata ardhi si yake, analipia kodi. Bibi kavaa abaya la mikono badala ya buibui. Mahali pamoja kwa nyuma linaonekana daraja la Nyali hili la sasa, lililofunguliwa 1980, wakati mwaka wa kisa watu walikuwa wakivuka lile la kuelea majini. Na lugha, jamani. Bibi yangu alikuwa akisema "ndoo ule, mwanangu", yaani njoo ule, na hapo anasema Kiswahili cha msomaji wa habari. Haya yote yaliniuma lakini ni maumivu ya kawaida, mtu anayalalamikia chai ikiwa mkononi.

Epi ya nne ndiyo yenye kisa chenyewe. Babu yuko mbele Kiwanja cha Maskini, ameinua ngumi, anahutubia. Usiku polisi wanavunja mlango wa nakshi. Kisha kuta za Ngome, yaani Fort Jesus, minyororo, babu anapigwa na hatoi jina la mwenzake hata moja. Miezi minne. Na bibi yuko nje ya lango la Ngome, leso kichwani, analia, kila siku anakuja kulia, mpaka babu anatoka na wanakumbatiana mbele ya bahari.

Sebule ilinyamaza. Watoto wakapiga makofi. Mpwa wangu mmoja akasema mbona hamkutwambia babu alikuwa shujaa hivi! Shangazi akainuka, akasema anaenda kuswali, na isha ilikuwa imeshapita kitambo.

Hapo nataka niende polepole, manake mtu anayesoma atasema sasa tatizo liko wapi, wamemsifu mzee wenu. Na ndivyo simu zilivyoanza kuingia usiku uleule. Mashallah, mjukuu wa mpigania haki. Kaka yangu msikitini akashikwa mkono na wazee ambao hawajawahi hata kumsalimia. Kijana mmoja wa chama cha wafanyakazi akampigia kuomba picha ya babu, waitundike ofisini pamoja na za wazee waliofungwa. Fikiria jibu la hapo. Ukisema hapana, hakufungwa, swali linalofuata ni moja tu, na kijana aliliuliza, kwa adabu kabisa: sasa alikuwa wapi? Kaka akasema, safarini. Akakata simu akanitazama mimi.

Wangemtukana babu tungejua la kufanya. Tungekasirika pamoja, tungeandika barua, watu wangetuunga mkono. Lakini uongo wa sifa unakufunga mdomo, ukiukanusha unaonekana wewe ndiye unayemvua babu yako nguo, na ukiunyamazia umekuwa wako. Wiki nzima nilikuwa nikijibu "ahsante sana" kwa watu huku nahisi kama nimekula kitu cha mtu.

Nikaenda kwa mwandishi wa skripti, si kwa ugomvi, nilitaka kuelewa. Akanieleza vizuri sana na namshukuru. Kwanza akasema, dada, kitabu kinaweza kuandika "hatukuuliza" na msomaji akashusha pumzi akafungua ukurasa, lakini mimi nina mwigizaji amekaa kitini anasubiri nimwambie babu alikuwa wapi, kwa sababu asipojua hajui aingie uani na uso gani. Kamera haipigi picha ya mtu ambaye hakuulizwa. Pili, mtazamaji wa Jumapili usiku hawezi kuachiwa miezi minne mitupu, atahama stesheni. Na tatu ni pesa. Mkutano wa Kiwanja cha Maskini wa kweli unataka watu mamia na nguo za zama zile, wao walikuwa na watu kama arubaini wakawasogeza karibu na kamera, dakika mbili basi. Lakini jela ni ukuta mmoja, taa moja na waigizaji wawili. Kwa hiyo kisa kikaegemea pale palipo nafuu. Nilikaa na hilo siku nyingi, kwamba ushujaa wa babu yangu umetokana kidogo na bei ya ekstra, wale watu wa kujaza umati.

Tena hakuna wa kuwashika kwa historia. Ngome kweli ilikuwa jela tangu 1895 mpaka 1958, makumbusho yamefunguliwa 1960, mgomo kweli ulikuwepo, watu kweli walikamatwa mwaka ule. Kila kipande kina ukweli wake, ni babu tu hakuwemo.

Kwa upande wa sheria niliuliza wanaojua, safari hii watu wa kazi hiyo. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa mwandishi haki ya kuamua nani ageuze kazi yake kuwa filamu au tamthilia, na kumuuzia mtu haki hiyo au kumpa peke yake lazima kuwe kwa maandishi yaliyosainiwa. Mimi nilisaini, hilo limeisha. Kuna haki nyingine inayobaki na mwandishi hata akishauza, ya kutajwa kwamba kazi ni yake na ya kupinga isipotoshwe kwa namna inayomharibia heshima au jina. Nikauliza, je hii si kupotoshwa? Wakanijibu swali kwa swali: heshima ya nani imeharibika, wewe au babu? Yangu ilikuwa imepanda, kitabu kinanunuliwa. Na babu ni marehemu, marehemu hana kesi ya kuvunjiwa jina, seuze kusifiwa. Bibi aliyenyang'anywa miezi minne ya maisha yake na kupewa machozi, yeye hana kifungu kabisa. Hakimiliki inalinda maneno niliyoyapanga mimi, haimlindi mtu aliyeyaishi.

Haya, shangazi. Nilikwenda peke yangu siku ya kazi, nikambusu mkono, nikakaa. Nilikuwa nimejipanga kumwomba radhi kwa niaba ya watu wa TV. Akaniacha nikamaliza, kisha akasema, "Mama hakungoja langoni, wewe. Mama alipika."

Ndipo akanihadithia. Siku ya tatu baada ya babu kutoonekana, bibi alikwenda akakopa unga kwa mwenye duka, na usiku akaumua. Alfajiri karai liko motoni uani, mahamri yanatoka, na shangazi na umri wake wa miaka minane amebeba sinia kichwani kwenda njia ya Kilindini kuwauzia makuli wanaoingia zamu, kwa sababu bibi hakutaka kuonekana njiani na watu wanaomjua mumewe. Mbaazi alikuwa akizipika mwanamke wa chumba cha pili wakigawana. Miezi minne kila siku. Kodi ya chumba haikulala hata mwezi mmoja. Babu aliporudi alikuta watoto wananawiri na mkewe ana akiba imefungwa kwenye pindo la leso, na bibi hakuacha kupika tena mpaka mikono ilipomkataa, ile pesa ndiyo iliyomsomesha baba. Na mimi nimemwandika mama wa nyumbani! Nimekula mahamri ya mikono ile utoto wangu wote nikidhani anapika kwa sababu mabibi hupika.

Nikamuuliza, shangazi, mbona hukunambia haya nilipokuwa naandika? Akasema, "Hukuniuliza. Ulikuja na kile kimashini chako ukaniuliza habari za mgomo. Nikakupa za mgomo."

Nilifungua rekodi usiku ule. Ni kweli. Saa moja na dakika arubaini, maswali yangu yote ni ya bandari, polisi, Kiwanja cha Maskini, nani alisema nini. Mahali fulani shangazi anasema "mama wakati huo alikuwa na shughuli zake", na sauti yangu inamkatiza: "na babu je?"

Kuna lingine alilosema ambalo ndilo lililonifanya niache kuwalaumu wale watu. Alisema, "Hao wa TV wamekosa nini? Wewe uliacha mlango wazi. Ulidhani ataingia nani?" Na akaongeza kwamba kile kitabu kilipotoka aliumia vilevile, hakusema tu, aliona nimechukua nyumba yao nimeipanga ninavyotaka mimi, nimeweka kimya mahali ambapo hapakuwa kimya. Kwa sababu, hili sasa, si kweli kwamba hawakuuliza. Yeye aliuliza. Siku ileile ya tatu, mtoto wa miaka minane, alimuuliza mama yake baba yuko wapi, na mama akamjibu wazi, neno lenyewe, akamwambia na usiseme kwa mtu. Na hakusema kwa mtu zaidi ya miaka sabini.

Siku hiyo akanambia mimi. Alikokuwa babu sitaandika hapa wala popote, nimemwahidi. Nitasema tu kwamba jela hakuwahi kuijua, na mtu wa kumchukia pia hakuwa.

Nikirudi kwenye kazi yenyewe, nilichofanikiwa kukipata ni kidogo na nilikipata kwa kuomba, kwa sababu mkataba haukunipa chochote cha kudai. Mwanzoni mwa kila epi palikuwa na maandishi "kisa cha kweli cha familia moja ya Mombasa". Nikamwambia prodyusa, mimi hiyo kweli sikukuuzieni, nimekuuzieni kitabu, na kuna kijana anataka kutundika picha ukutani kwa sababu ya maneno yale. Alinielewa upesi kuliko nilivyotarajia. Kuanzia epi ya saba yakawa "tamthilia iliyotokana na kitabu", jina la kitabu, jina langu. Ile ya nne imeshapita na inazunguka kwenye simu za watu ilivyo, na itazunguka.

La pili, epi za mwisho zilikuwa hazijapigwa, na niliomba sini moja tu, bibi anapika alfajiri. Wakakubali kwa sharti isizidi dakika moja. Shangazi akasema atakwenda. Nilimpeleka mwenyewe kwa tuktuk, lokesheni ileile ya mlango wa nakshi, akaukwepa kwa jicho kama mtu asiyetaka ugomvi, akaingia moja kwa moja alipo yule mwigizaji na karai. Akamtazama anavyosukuma, akamwondolea mikono juu ya unga, kwa upole, "siyo hivyo mwanangu, unga huupigi, unaubembeleza," akamwonyesha jinsi ya kuukata pembe tatu na jinsi ya kulimwagia hamri mafuta ya moto kwa kijiko mpaka linajivuta lenyewe. Akauliza iliki iko wapi. Wakamwambia mama, kwenye picha iliki haionekani. Akasema, "Yeye ataisikia." Ikatafutwa iliki. Tukangoja nusu saa, watu ishirini na mitambo imewaka, kijana ametumwa dukani na bodaboda.

Sini ilirushwa, sekunde hamsini hivi, hakuna muziki. Mwigizaji anatoa hamri moja kwenye mafuta, analipuliza, anampa mtoto, anamwekea sinia kichwani, anamsahihisha shingo. Hamna neno. Mimi nimeandika kurasa mia mbili na sina mahali hata pamoja ambapo bibi yuko mzima kama pale. Hilo lazima niliseme kwa haki, TV ilichukua na TV ikaleta. Shangazi aliitazama akiwa amejishika shavu, ilipoisha akasema, "Shingo kaipata."

Wanaoniuliza kuhusu mikataba, ninachowaambia kwanza ni neno "kuidhinisha", lipiganie hata kwa mambo matatu tu ukishindwa kulipata kwa yote, na uyataje kwa jina, fulani asifanywe hivi, kifo cha fulani kisiguswe. Maandishi ya mwanzo wa epi yaandikwe ndani ya mkataba neno kwa neno. Mwanasheria awe wa hakimiliki, binamu wa mashamba mwache apumzike. Skripti uletewe moja moja na siku za kuisoma. Lakini kabla ya karatasi yoyote, kaa na wale walio hai ndani ya kitabu chako, mmoja mmoja, uwaulize kila mahali ulipoacha wazi kuna nini na wangependa kuwe na nini, kwa sababu mwandishi wa skripti atapaona pale kwanza kabisa, ndiyo kazi yake.

Mchapishaji amenijulisha kitabu kinarudi mtamboni kwa vile kimeisha, akaniuliza kama nina masahihisho. Nimeongeza sura mpya ya mahamri na shangazi ameisikiliza yote nikimsomea, sehemu mbili akanambia toa, nikatoa. "Mama wa nyumbani" imeondoka. Na ile aya ya babu kurudi nimeiacha ilivyo, uani, udhu, swala, nimebadilisha neno moja la mwisho. Mhariri alinipigia kuhakikisha kama ni kosa la chapa au nimekusudia. Palipokuwa "hatukuuliza" sasa pameandikwa "sikuuliza".